MAMA AKISHA KUJIFUNGUA, LINDO NDILO LAANZA

Bonde la Nyabugogo ndilo lango la Kigali. Magari yatokayo Musanze, Rubavu, Huye, Rusizi na Nyagatare hushusha abiria wake hapo, na mabasi yaendayo nchi jirani huanzia safari zake hapo. Tangu alfajiri hadi usiku watu hupishana, Kinyarwanda cha wasafiri kikichanganyika na Kiswahili cha madereva na makuli. Askari apangwaye zamu katika kituo hicho hufunzwa kutazama mengi: mwizi wa mifukoni, mzigo usio na mwenyewe, dereva aliyelewa. Lakini yumo msafiri mmoja ambaye aghalabu hatazamwi na mtu, kwa kuwa hana kelele wala hatia. Naye ni mama aliyejifungua siku mbili tatu zilizopita. Ametoka hospitali, pengine ile ya Muhima iliyo kilimani hapo juu, mtoto amemkumbatia, mkoba u begani, naye atafuta basi la kumrudisha kwao.

Yawezekana msomaji akauliza: mambo ya uzazi yana nini na askari? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, askari walio wengi ni waume na baba, na wengi wao huwa mbali na nyumbani siku mtoto anapozaliwa. Pili, wanawake wamo ndani ya jeshi na polisi, nao huzaa kama wanawake wengine. Tatu, barabarani na vituoni askari ndiye mtumishi wa dola anayeonekana kwanza. Mama akianguka Nyabugogo, daktari hayupo, askari yupo.

HESABU ZASEMA NINI

Mwaka 2000, uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Rwanda, akina mama 1,071 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilishuka hadi 750. Mwaka 2010 ilikuwa 476, na katika uchunguzi wa 2014-15 ilikuwa 210. Ni nchi chache duniani zilizoshuka kwa kasi ya namna hiyo katika muda wa miaka kumi na mitano.

Ushindi huo haukuja kwa bahati. Bima ya afya ya jamii, ambayo raia huiita mituweli, ilianza kwa majaribio mwaka 1999, kisha ikaenezwa nchi nzima. Wanavijiji walichagua wajumbe wa afya kutoka miongoni mwao, na mmoja wao akakabidhiwa kazi ya kuwafuatilia wajawazito na wazazi. Tangu mwaka 2009 wajumbe hao walianza kutuma habari za wajawazito kwa simu za mkononi, ili dalili ya hatari ijulikane kituoni kabla mgonjwa hajafika. Mwaka 2000 akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 27 tu katika kila 100. Kufikia 2014-15 walikuwa 91.

Lakini uchunguzi uliofuata, ule wa 2019-20, ulitoa hesabu ya vifo 203. Tofauti kati ya 210 na 203 ni ndogo mno. Katika uchunguzi wa aina hii haiwezi kuitwa hatua. Na waliojifungulia vituoni walikuwa 93 katika kila 100, yaani wameongezeka kidogo tu. Tafsiri yake ni nini? Ni kwamba ngome ya kwanza imekwisha kutekwa. Kwa miaka mingi wito ulikuwa mmoja: mama aende hospitali. Sasa amekwenda. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 vifo hivyo duniani viwe chini ya 70 kwa kila watoto 100,000. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa kurudia wito wa zamani peke yake.

Ushindi uliobaki umo mahali pawili. Mahali pa kwanza ni ndani ya wodi: ubora wa kazi, wepesi wa upasuaji, upatikanaji wa damu na dawa. Hapo wenye amri ni madaktari na wakunga. Mahali pa pili ni nje ya wodi, tangu mama avukapo mlango wa hospitali hadi siku ya arobaini na mbili. Hapo wenye jukumu ni wengi: mama mwenyewe, mumewe, majirani, mwajiri, na kwa sehemu yake, mwenye sare.

ADUI WA SIKU ARUBAINI NA MBILI

Wataalamu hawakuzichagua siku 42 kwa kubahatisha. Ndio muda ambao mwili wa mwanamke hurejea katika hali yake: tumbo la uzazi husinyaa, jeraha la kondo la nyuma hupona, na damu iliyoongezeka wakati wa mimba hupungua. Katika muda huo maadui wanne humvizia.

Wa kwanza ni kutokwa na damu. Huyu ndiye muuaji mkubwa wa wazazi duniani. Mara nyingi hushambulia katika saa 24 za kwanza, lakini yaweza pia kutokea siku kadhaa baadaye, hasa kipande cha kondo kikibaki ndani au uambukizo ukiingia. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga waliwekewa mfuko wenye alama za kipimo chini ya mzazi, wakapima damu badala ya kuikisia kwa macho, na damu ilipozidi kiasi wakatoa tiba zote kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Matukio mabaya ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Fundisho lake askari atalielewa upesi: anayekisia nguvu za adui huchelewa, na anayechelewa hushindwa.

Wa pili ni shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Wengi hudhani ugonjwa huo huisha mtoto akisha kuzaliwa. Si kweli. Mama ambaye shinikizo lake lilikuwa la kawaida siku ya kujifungua aweza kupatwa na degedege siku ya tatu au baadaye, akiwa njiani au kitandani mwake. Hutanguliwa na kichwa kuuma kupita kiasi, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu ya juu ya tumbo.

Wa tatu ni uambukizo. Mwaka 1847, katika hospitali ya uzazi ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka ghafla. Wenziwe walimbeza, lakini ukweli wake umesimama hadi leo. Katika uchunguzi wa 2019-20, watoto 15 katika kila 100 nchini Rwanda walizaliwa kwa upasuaji. Kila mmoja wa mama hao alirudi nyumbani na kidonda cha kushonwa, mara nyingi katika nyumba ambayo maji huchotwa mbali. Huko Kirehe, mashariki ya nchi, wajumbe wa afya wamefanyiwa majaribio ya kuwatembelea akina mama waliopasuliwa, wakikagua vidonda na kupiga picha kwa simu ili daktari avione bila mgonjwa kusafiri. Jambo hilo lastahili kutazamwa na nchi nyingine.

Wa nne ni damu kuganda katika mishipa ya mguu, kisha kipande kupanda hadi mapafuni. Hatari hii huongezeka wakati wa mimba, na huwa kubwa zaidi katika majuma ya mwanzo baada ya kujifungua, hasa kwa aliyepasuliwa na kwa akaaye mahali pamoja saa nyingi. Safari ndefu ya basi ni mojawapo ya mahali hapo.

MAMA AJILINDE VIPI

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa huduma baada ya uzazi. Mama aliyejifungua salama abaki kituoni kwa muda usiopungua saa 24. Kisha aonwe na mhudumu mara tatu kwa uchache: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la sita. Utaratibu huu si wa mtoto peke yake. Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya desturi zetu: mtoto hupelekwa kuchanjwa na kupimwa uzito, naye mama hukaa kwenye benchi kama mchukuzi wa mzigo, bila kupimwa shinikizo wala kuulizwa damu inatoka vipi. Mama aulize mwenyewe. Asingoje kuulizwa.

Damu ya baada ya uzazi kwa kawaida huwa nyekundu siku za mwanzo, kisha hufifia na kuwa ya kahawia, kisha nyeupe, nayo yaweza kuendelea hadi majuma sita. Kinachotakiwa ni kwamba ipungue siku hadi siku. Ikiwa yazidi badala ya kupungua, ikiwa kitambaa kilowa kabisa ndani ya saa moja na cha pili vivyo hivyo, ikiwa yatoa mabonge makubwa au harufu mbaya, hilo si jambo la kungoja kesho.

Dalili nyingine za kumpeleka mama kituoni mara moja ni hizi: homa au baridi ya kutetemesha, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida au kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, tumbo kuuma kwa kuzidi, kidonda kutoa usaha au kufunguka, titi kuwa jekundu, gumu na lenye moto pamoja na homa, na mkojo kuvuja bila kujizuia. Dalili hii ya mwisho huwaaibisha wengi wakanyamaza kwa miaka. Yaweza kuwa fistula, nayo hutibika kwa upasuaji. Haifai kufichwa wala kudhaniwa kuwa ni laana.

Chakula cha mama anyonyeshaye kinapaswa kuzidi cha siku zake nyingine. Maharage, mboga za majani, mayai, dagaa na maziwa vyapatikana katika soko lolote la Kigali. Vidonge vya madini ya chuma viendelezwe kwa majuma 6 hadi 12 baada ya kujifungua kama mhudumu alivyoagiza, maana mama aliyepungukiwa damu hata tone dogo la kupotea humdhuru. Maji safi ayanywe kwa wingi. Anawe mikono kabla ya kugusa kidonda au kubadili kitambaa. Asilale kitandani kutwa. Atembee kidogo kidogo ndani na uani ili damu izunguke. Kulala apate kila mtoto alalapo, na kazi nzito aachiwe mwingine. Mama atumiaye dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi asiziache hata siku moja kwa shughuli za mtoto.

Yako pia maradhi yasiyoonekana kwa macho. Siku za mwanzo mama aweza kulia bila sababu, na hali hiyo huondoka yenyewe katika juma moja au mawili. Lakini huzuni ikidumu kupita hapo, akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akamchukia mtoto au akatamani kufa, huo ni ugonjwa wa sonono. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mzazi mmoja katika kila watano hupatwa na maradhi ya akili ya namna hiyo baada ya kujifungua. Si uvivu, si kiburi, wala si kukosa imani. Una tiba, na tiba huanza kwa mtu mmoja kumsikiliza bila kumhukumu.

DESTURI ZINAZOFAA NA ZISIZOFAA

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Pwani ya Waswahili, mzazi hukaa ndani siku arobaini, akandwe kwa maji ya moto, apikiwe uji wenye pilipili manga, na asishike jembe wala sufuria. Rwanda ina kitanda cha mzazi kiitwacho ikiriri, na desturi ya jamaa na majirani kumletea zawadi za chakula na vinywaji, ambayo huitwa guhemba. Siku ya nane mtoto hupewa jina. Msingi wa desturi zote hizi ni mmoja: mzazi si mgonjwa, lakini si mzima pia, jamii nzima yapaswa kumbeba.

Hizo ni hazina, na zitunzwe. Hata hivyo kila hazina hupaliliwa. Maji ya moto sana juu ya kidonda cha upasuaji hudhuru. Kumkataza mzazi mboga, mayai au maji ya kunywa hakuna faida. Kumfungia ndani siku arobaini hata dalili za hatari zionekanapo ni kumfunga kaburini. Siku arobaini zimewekwa kwa ajili ya kumpumzisha mama. Asije mtu akazigeuza kuwa sababu ya kumzuia asiende kutibiwa.

NYABUGOGO NA SHERIA

Turudi sasa kwenye kituo cha mabasi, maana hapo mambo mawili hukutana: safari na riziki.

Kuhusu safari, mama asiharakishe kuondoka kabla saa 24 hazijatimia kwa kuogopa gharama au kukosa basi. Akiwa na safari ya saa nyingi kama ile ya Rusizi, amwambie mhudumu kabla ya kuruhusiwa. Ndani ya basi achague kiti cha kumwezesha kunyosha miguu, akunywe maji, na gari lisimamapo ashuke atembee. Kondakta na abiria wampe nafasi. Hilo halihitaji sheria.

Askari wa zamu aonapo mzazi amekaa chini ameloa jasho, ngozi imepauka, au nguo ina damu, asianze na kitambulisho. Amlaze chali mahali palipo salama, ainue miguu yake, amfunike apate joto, aondoe umati, na apige simu ya gari la wagonjwa, namba 912. Mtoto abaki karibu na mama; akinyonya, husaidia tumbo la uzazi kusinyaa. Mama akipatwa na degedege, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani. Kisha habari mbili zikabidhiwe wahudumu: alijifungua lini, na damu imetoka kwa muda gani. Ni mambo ya dakika tano, yasiyohitaji cheo cha udaktari. Katika Tanzania mpango uitwao m-mama umeonyesha jinsi madereva wa kawaida wa vijijini, wakiitwa kwa namba ya simu na kulipwa, wanavyoweza kuwafikisha wazazi hospitali pale gari la wagonjwa lisipokuwapo. Ikiwa dereva wa teksi aweza kuwa sehemu ya tiba, askari atashindwaje?

Kuhusu riziki, jambo ni zito zaidi. Sheria ya kazi ya Rwanda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, humpa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya majuma 14, badala ya 12 ya zamani. Hicho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Mfuko wa kulipia likizo hiyo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, mwajiri na mfanyakazi wakichangia kila mmoja asilimia 0.3 ya mshahara. Ukilinganisha, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 hutoa siku 84, ya Kenya ya mwaka 2007 miezi mitatu, na ya Uganda ya mwaka 2006 siku 60 za kazi.

Lakini likizo ni ya mwenye mkataba wa kazi. Mama anayeuza parachichi kwenye beseni pembeni mwa barabara ya Nyabugogo hana mwajiri, hana mfuko, hana majuma 14. Asipouza leo, hapiki leo. Kwa hiyo hurudi barabarani juma la pili, mtoto mgongoni, beseni kichwani, akisimama kutwa juani wakati mwili wake bado haujafunga. Tena uchuuzi wa barabarani umekatazwa na kanuni za jiji, naye akimwona askari hukimbia. Mzazi wa siku kumi kukimbia mteremko akiwa na mtoto na mzigo ni hatari kwa wote wawili.

Hapa askari yuko katika mtihani wa kweli. Kanuni ya jiji ni kanuni, na kazi yake ni kuisimamia. Makala haya hayamwambii aiache. Lakini kanuni husimamiwa kwa namna nyingi. Aweza kumwendea mzazi kwa miguu ya taratibu, amwelekeze kwenye soko lililotengwa, ampe muda wa kufunga mzigo wake, na asimnyang'anye kilicho chakula cha mtoto. Nguvu isiyo ya lazima juu ya mwili wa mzazi haiwezi kuitwa nidhamu. Na serikali za miji, si Kigali pekee bali Kampala, Nairobi na Dar es Salaam pia, zapaswa kujiuliza kama inatosha kumwondoa mama barabarani bila kumwonyesha mahali pa kupumzika hata majuma sita. Mpaka swali hilo lijibiwe, hesabu ya vifo itashuka kwa shida.

MWANAMKE MWENYE SARE

Majeshi na polisi wana masharti yao maalumu ya utumishi, lakini mwili wa askari mwanamke haujui masharti hayo. Ujasiri wake wampasa autumie kusema kweli juu ya hali yake, wala si kuificha asije akaonekana dhaifu.

Kiungo, misuli ya nyonga na ya tumbo hulegea wakati wa mimba na huchukua miezi kurudi. Wataalamu wa viungo wa Uingereza walishauri mwaka 2019 kwamba mzazi asianze kukimbia kabla ya miezi mitatu, na hata hapo aanze kidogo kidogo baada ya kupimwa. Kutembea kwaweza kuanza mapema. Kukaza misuli ya nyonga, kama mtu azuiaye mkojo, kwaweza kuanza siku za mwanzo. Lakini gwaride la saa nyingi, kubeba mzigo mgongoni, kuruka vizuizi na kulala handakini vyapaswa kungoja. Akiona mkojo wavuja akikimbia, au ahisi kitu kizito chateremka ukeni, asimame na aonane na daktari.

Kamanda ana wajibu wake. Mzazi arudipo kazini apangiwe kazi nyepesi kwanza, asipewe lindo la usiku mfululizo, apate nafasi safi na yenye faragha ya kunyonyesha au kukamua maziwa, na apate ruhusa ya kuhudhuria kliniki bila kuhesabiwa mtoro. Kikosi hakipungukiwi kwa hayo. Hupungukiwa askari aliyefunzwa kwa miaka anapoumia kwa kurudishwa mapema.

MUME ALIYE MBALI, NA DAMU ILIYO KARIBU

Tangu Julai 2021 askari wa Rwanda wamekuwa Cabo Delgado, Msumbiji, na wengine wametumikia ulinzi wa amani Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Majirani pia wametuma vijana wao nje. Mtoto akizaliwa, baba hupata habari kwa simu. Hata hivyo umbali haumwondolei wajibu. Kabla ya kuondoka ahakikishe bima ya mkewe ipo hai, akiba ya usafiri wa dharura iko mikononi mwa mke na si mwa shemeji, na yuko jamaa au jirani mmoja aliyekubali kumpeleka hospitali hata usiku. Na ruhusa ya kwenda hospitali iwe imetolewa mapema, moja kwa moja. Mama asife akingoja simu ya mume ipatikane. Apigapo simu, asiulize habari za mtoto peke yake. Aulize: damu imepungua? Umelala? Umekula nini?

Arudipo likizo, asidai haki ya unyumba kabla mwili wa mkewe haujapona na yeye mwenyewe kuwa tayari. Kwa wengi huwa majuma sita. Na kabla ya hapo wazungumze juu ya kupanga uzazi. Wataalamu washauri kwamba tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine ipite miezi 24 kwa uchache. Kunyonyesha huzuia mimba ikiwa tu mtoto hajatimiza miezi sita, anyonya bila kupewa kitu kingine mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, kinga hiyo haipo.

Liko jambo moja zaidi ambalo askari aweza kulifanya hata kama hana mke wala mtoto. Mwaka 2016 Rwanda ilianza kutumia ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kupeleka damu kwenye hospitali za mbali, zikiruka kutoka Muhanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu ilifika haraka kuliko kwa gari kwa zaidi ya saa nzima, na iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua sana. Sifa hizo ni za haki. Lakini ndege haitengenezi damu. Kila chupa ibebwayo angani ilitoka katika mkono wa mtu aliyekubali kuitoa. Kambi na vituo vya polisi ni mahali penye vijana wenye afya, waliozoea kuitika wito kwa pamoja na kwa saa iliyopangwa. Hakuna kundi katika nchi linaloweza kutoa damu kwa utaratibu kuliko hilo. Uniti moja ya damu iliyotolewa asubuhi kambini yaweza jioni kuwa ndani ya mshipa wa mzazi asiyejulikana, na kesho yake mzazi huyo akanyonyesha.

Afrika Mashariki imeonyesha kwamba yaweza kupunguza vifo vya wazazi. Rwanda ilishuka kutoka 1,071 hadi karibu 200. Tanzania, kwa uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, ilipata hesabu ya 104, ilhali ule wa 2015-16 ulikuwa 556. Haya yaliyobaki ni magumu kwa sababu hayatafutwi ndani ya jengo moja lenye bendera na mlango. Yametapakaa katika nyumba, mabasi, masoko na kambi, kwa muda wa siku 42. Anayelinda mpaka wa nchi amlinde pia aliyeizalia nchi hiyo mtu mpya. Mama ajue dalili, mume ajiandae, kamanda atoe ruhusa, na askari wa zamu aikariri namba 912 kama anavyoikariri namba ya bunduki yake.